Msimuulize Kama Anawakumbuka

Karibu kila mgeni anayekuja kumjulia hali mama yangu huja na swali lilelile. Anavua viatu mlangoni, anakabidhi mkate na machungwa, anaketi karibu na Mama, anamwinamia usoni na kuuliza kwa sauti ya juu: "Unanijua mimi nani?" Mama anamtazama. Mgeni anatabasamu, anangoja. "Hebu nitazame vizuri. Mimi nani?" Kimya kikizidi, anatugeukia sisi wengine tuliomo sebuleni: "Maskini, hanijui tena." Na Mama yupo palepale, masikio yake hayana kasoro.

Najua swali hilo linatoka kwenye mapenzi. Ndivyo tulivyozoea. Mtu akipiga simu kwa namba mpya huanza na "umenijua?", na mjomba aliyerudi baada ya miaka mingi humshika mtoto kidevu akamuuliza "mimi nani?" Kwetu kutambuliwa ni heshima, na asiyetambuliwa huondoka na donge moyoni. Lakini mtu mwenye dimensia, hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, akiulizwa hivyo anawekewa mtihani mbele ya watu. Anajua ni mtihani. Anajua kuna jibu linalosubiriwa, anajua halipati, na anajua kwamba wote wameona. Nimeutazama uso wa Mama katika dakika hizo, na vidole vyake vinavyoanza kuvuta pindo la khanga. Ndiyo sababu naandika haya, kwa wote wanaokuja kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, na kwa kila nyumba yenye mzee wa namna hii.

Mtihani una mahali pake, nako ni hospitalini. Tangu ugonjwa wa Alzheimer, mmoja wa magonjwa yanayoleta dimensia, ulipoandikwa kwa mara ya kwanza, uliandikwa kwa maswali na majibu. Novemba 1901, mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer aliketi na mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, akamuuliza jina lake. Akajibu: Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Jina la mumeo? Auguste, nadhani. Mwanamke huyo alifariki Aprili 1906, na Novemba ya mwaka huohuo Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen alichokiona ndani ya ubongo wake: protini iliyoganda kati ya seli na seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli zenyewe. Yule daktari alikuwa na sababu ya kuuliza, alikuwa akitafuta ugonjwa. Sebuleni kwetu hakuna anayetafuta ugonjwa. Tunaujua, na Mama anaujua kwa namna yake.

Na hata mitihani ya hospitali inataka busara. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliokaa darasani: chora saa, andika sentensi, toa saba kwenye mia kisha endelea kutoa. Mpe kalamu bibi ambaye hajawahi kuishika, utamwandikia ugonjwa kumbe alichokosa ni shule. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijiji sita mwaka 2009 na 2010 wakawachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, na baada ya kurekebisha hesabu kwa tofauti za umri wakakuta asilimia 6.4 wana dimensia. Kazi iliyoendelea hukohuko Hai ilizaa kipimo kifupi kinachomfaa mtu ambaye hakusoma: mzee hutaja wanyama awezavyo kwa dakika moja, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mpangilio anaoonyeshwa. Njiti ya kiberiti kila bibi wa Tanzania ameishika. Nilipolisoma jambo hilo nilifurahi sana, maana nilimwona mtu aliyefikiri kwanza juu ya anayepimwa.

Wapo bado wanaoamini kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, au kwamba ni uzee tu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ndiyo kusema nchi kama zetu. Dimensia ni jina la hali, na magonjwa yanayoileta ni mengi. Alzheimer ndiyo kubwa kuliko yote, asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Ipo inayotokana na mishipa ya damu, ambayo hufuata presha iliyoachwa bila dawa, kisukari, na viharusi vidogovidogo ambavyo pengine hakuna aliyeviona vikipita. Uzee unaongeza hatari, lakini wazee wengi huzikwa na akili zao timamu. Mzee anayesahau alipoweka miwani amezeeka. Mzee anayeishika miwani asijue ni ya nini, huyo anaumwa.

Turudi sebuleni. Kinachofaa ni kumpa mzee jibu kabla hajalihitaji. "Shikamoo Mama. Ni mimi binti yako mdogo, nimetoka sokoni." Au mgeni aseme: "Shikamoo. Mimi jirani yako wa barabara ya kumi na mbili, tulikuwa tukienda pamoja maulidini." Amejitaja, ametaja uhusiano, ametaja na jambo la zamani, na hakumdai mtu kitu. Shikamoo yenyewe ina msaada mkubwa hapa kwa sababu haihitaji jina. Mama akiisikia hujibu "marahaba" bila kutafuta, kwa sauti ileile aliyoitikia maisha yake yote, na papo hapo kila mtu amekaa mahali pake: yeye mkubwa, mimi mdogo. Hata siku ambayo hajui mimi ni nani, anajua mbele yake kuna mtu anayemheshimu.

Namna ya kumkaribia nayo ina uzito. Njoo kwa mbele akuone, usimshike bega kutoka nyuma. Kaa chini mlingane macho. Zima televisheni, maana ubongo uliougua hauwezi tena kuchuja sauti ya mtangazaji na sauti yako. Sema jambo moja, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakotushinda wengi. Neno huchelewa kuingia na huchelewa kutoka, na sisi tukiona kimya tunadhani hakusikia, tunalirudia swali kwa maneno mengine na kwa sauti kubwa zaidi. Kwake yeye hilo ni swali la pili, limeingia kabla la kwanza halijafika. Nimemwona Mama akijibu jambo ambalo aliyeliuliza ameshalisahau na kuhamia jingine, na jibu lilikuwa sahihi kabisa.

"Utakula nini?" ni swali zito. "Chai au uji?" ni jepesi, na jepesi zaidi ukimwonyesha vikombe vyote viwili. Maneno "si nimekwambia sasa hivi" hayana kazi katika nyumba hii, kwa sababu kwake hiyo "sasa hivi" haikuwepo. Ameuliza mara ya kwanza, kwa nia ya mara ya kwanza. Qur'ani imetukataza hata kuwaambia wazazi "ah!", na aya hiyohiyo inawataja wakiwa wamefikia uzee mikononi mwetu. Nilipokuwa mdogo niliisikia aya hiyo nikidhani inahusu watoto wakorofi. Sasa naiona inahusu swali linaloulizwa mara ya saba kabla ya adhana ya alasiri.

Kuna jambo linalowapotosha wengi: kudhani kwamba anayesahau tukio hakubaki na chochote cha tukio hilo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha watu wenye Alzheimer vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha, vingine vya kufurahisha. Muda mfupi baadaye walikuwa wamesahau sehemu kubwa ya walichokitazama. Huzuni ilibaki, na furaha ilibaki. Tena kadiri mgonjwa alivyokumbuka kidogo kuhusu filamu, ndivyo huzuni yake ilivyokawia. Sasa ipeleke habari hiyo kwenye nyumba zetu. Mgeni amesema "hanijui tena", amekunywa chai, ameaga, ameondoka. Mama hamkumbuki mgeni wala chai. Lakini ameachiwa uzito kifuani usio na jina, anakaa nao mpaka magharibi, akikataa kula, akimsukuma anayetaka kumbadilisha nguo, na sisi tunasema: leo ana hasira bila sababu. Sababu ilikuwepo, imeshapanda bajaji imekwenda zake. Na mgeni aliyeketi akamshika mkono, akaimba naye kaswida moja, akaaga bila kuuliza kitu, huyo naye ameacha kitu kinachodumu kuliko kumbukumbu ya jina lake.

Nikae kidogo kwenye lugha, kwa sababu ni jambo ambalo hakuna aliyetuonya.

Mama alizaliwa Mlalo, juu milimani Usambara, akaolewa Tanga mjini akiwa msichana. Kiswahili chake ni cha mjini kabisa, cha kupigia mfano. Marehemu Baba alikuwa mtu wa pwani, na sisi watoto tulikua na Kiswahili peke yake. Kisambaa tulikisikia ndugu za Mama wakishuka na maharage na matunda, basi. Ugonjwa ulipoendelea, maneno ya Kisambaa yalianza kujitokeza usiku, usingizini. Baadaye yakaja kwenye chakula. Kisha ikawa tunamuuliza kwa Kiswahili, anatujibu kwa Kisambaa, na anatushangaa kwa nini tumekodoa macho. Ndugu mmoja alisema Mama "anaropoka". Hakuwa akiropoka. Alikuwa akisema sentensi nzima, zenye maana, kwa lugha ambayo wanawe hawakujifunza.

Ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda: huanza na ya jana, ukarudi nyuma kuelekea utotoni. Kilichoingia mwanzo hukaa mpaka mwisho, na lugha ya mama iliingia kabla ya yote. Jambo hili limeonekana kwa wahamiaji wa nchi nyingi, waliozeeka ugenini wakarudi kwenye lugha waliyonyonya nayo. Na sisi Afrika Mashariki karibu sote tuna lugha mbili au tatu. Fikiria Mchaga aliyezeekea Dar es Salaam, Mluo aliyezeekea Mombasa, watoto wao wakiwa na Kiswahili tu. Fikiria bibi wa Kizanzibari aliyezeekea London au Toronto ambaye Kiingereza kimeanza kumtoka na wajukuu zake hawajui hata "njoo". Kiswahili chetu kilitukutanisha, nami nakipenda kuliko kitu chochote nilichorithi, lakini kwa mzee huyu mmoja, mwisho wa maisha yake, hakitoshi.

Kilichotusaidia ni cha kawaida sana. Mjomba alishuka kutoka Mlalo, tukaketi naye na daftari. Hatukumwomba atufundishe Kisambaa chote. Tulimwomba maneno ya njaa, kiu, baridi, maumivu, haja ndogo na haja kubwa, "nakuja", "usiogope", na "mama". Tulimwomba pia majina ya dada zake Mama na wanyama waliokuwa wakifuga. Dada wa kazi, ambaye naye ni binti wa Lushoto, ndiye aliyetusahihisha matamshi. Asubuhi anapofungua dirisha la chumba cha Mama humsalimu kwa Kisambaa, na Mama humjibu na kuendelea na habari ambayo sisi tunaishika nusu. Nawasihi wenye wazazi ambao bado wana kumbukumbu zao: lipatieni daftari hilo sasa hivi, mkiwa mnacheka pamoja, kabla halijawa la lazima.

Lugha ina hazina nyingine, ile inayotoka yenyewe bila kuitwa. Mtu ambaye hawezi kutunga sentensi anaweza kumalizia methali. Nikisema "haba na haba", Mama anasema "hujaza kibaba". Nikisema "kitendawili!", anaitikia "tega!" kwa nguvu ya msichana, hata kama jibu la kitendawili hatalipata, na mimi silingoji. Fatiha anaisoma yote. Dua ya kula anaikumbuka kuliko chakula chenyewe. Haya ni mazungumzo. Mmoja ametoa, mwingine amepokea, wamekutana.

Jioni ndiyo saa ngumu. Jua likianza kushuka, Mama huvaa buibui, huchukua mkoba wake na kusema anakwenda kwao. Yuko kwake, katika nyumba aliyoijenga na Baba, lakini nyumba anayoitafuta iko milimani na ina mama yake ndani. Kumwambia "Mama, hapa ndipo kwako" hakumrudishi, humtia hofu tu: anaona amezuiwa na watu. Namuuliza, "Kwenu leo kuna nini?" Husema kuna mahindi ya kupukuchua, au mama yake anamngoja. Tunaongea habari za mahindi tukizunguka uani. Nataja ukungu wa Mlalo, anataja baridi, na mara nyingi mkoba unashuka wenyewe kwenye kiti. Tumejifunza pia kuwasha taa zote kabla ya magharibi, kwa sababu vivuli vya ukutani vinamtisha, na kumpa kitu cha kula saa hiyo, maana mara nyingine "nataka kwenda nyumbani" ni njaa.

Kisha kuna Baba. Baba alifanya kazi reli, na Mama humngoja arudi kutoka stesheni. Huuliza: "Mume wangu mbona amechelewa?" Katika familia yetu swali hili lilizua ubishi mkubwa kuliko mengine yote. Dada yangu mkubwa alishikilia kwamba uongo ni uongo, Mama aambiwe Baba alikwishafariki. Alimwambia. Mama alilia kilio cha mtu aliyefiwa leo, akataka kujua maiti iko wapi na kwa nini hakuitwa. Kesho yake akauliza tena. Ukijibu hivyo kila siku, umemfanyia mjane msiba kila siku, na hakuna eda inayokwisha. Kaka yangu, kwa upande wake, alikuwa akisema "yuko njiani, anakuja", na Mama akawa anakaa barazani mpaka usiku mwingi akikataa kula kabla mumewe hajafika.

Mimi ninachofanya ni kulisikiliza lililo chini ya swali. Amemkumbuka mumewe. Basi nasema, "Umemkumbuka Baba leo." Husema ndiyo. "Alikuwa akipenda mchuzi gani?" Hapo anaweza kusema kwa nusu saa: nguru wa kukaanga, nazi nyingi, na jinsi Baba alivyokuwa akinawa mikono mara mbili kwa sababu ya grisi. Sijasema uongo, wala sijamrudisha makaburini. Lakini ipo siku aliniangalia machoni akauliza wazi: "Amekufa, sio?" Nikamwambia ndiyo, Mama, alifariki, tulimzika vizuri, wewe ulikuwepo. Akaitikia kwa kichwa, akasema inna lillahi. Mtu anayeuliza ukweli kwa macho makavu namna ile ana haki ya kupewa. Sijui kanuni ya kuiandika hapa zaidi ya kumtazama usoni kabla ya kufungua mdomo.

Ibada nayo ina maswali yake. Mama anaweza kuswali adhuhuri mara tatu, kwa kuwa kila anapoketi anadhani bado hajaswali. Mwezi wa Ramadhani anataka kufunga, na dawa zake za presha zinataka chakula na maji. Wapo waliotaka kumkatalia mswala au kumkaripia anapozunguka kibla. Lakini dini yenyewe imeliona jambo hili kabla yetu. Aya katika Suratun-Nahl inasema wapo wanaorudishwa kwenye umri dhalili hata wasijue kitu baada ya kuwa wakijua, na hadithi mashuhuri inasema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao ni aliyeondokewa na akili mpaka azipate. Hana deni. Akiswali mara tatu, mswala wake uko palepale, na mimi namtandikia. Ramadhani tunamletea uji wake na kumwambia "futari hii, Mama", anapiga bismillahi, anakula. Mwalimu wa madrasa wa mtaa wetu alitufariji kwa maneno machache sana: yeye ameshafika, ninyi ndio mnaoandikiwa.

Nilitaje na hili ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Mzee anayetoka usiku, akagonga nyumba asiyoijua, akisema maneno yasiyoeleweka, katika mitaa yetu hapewi jina la mgonjwa. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kilifi, jirani zetu ng'ambo ya mpaka, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mpaka huko Ganze kukawa na mahali pa kuwahifadhi waliokimbia watoto wao wenyewe. Sitaki kuamini kwamba wote hao walikuwa na dimensia, lakini najua kwamba mama yangu, usiku aliokutwa amesimama uani kwa watu na kandili isiyo na moto, angeweza kuwa mmoja wao kama jirani asingekuwa ameelezwa mapema. Ndiyo maana sisi hatukuficha. Mwenyekiti wa mtaa anajua, bodaboda wa kona wanajua, muuza duka anajua, na wote wana namba yangu. Kuficha kwa ajili ya aibu kunamweka mzee kwenye hatari kubwa kuliko aibu yenyewe.

Kwa upande wa tiba nitasema machache tu. Si kila kusahau ni dimensia, na yapo yanayofanana nayo ambayo yanatibika: tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, sonona ya mtu aliyefiwa, kaswende au virusi vya UKIMWI vilivyofika kwenye ubongo, damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Kwa hiyo apimwe, msimhukumu nyumbani. Na mabadiliko ya ghafla, mzee aliyekuwa akizungumza jana leo hajui alipo, au amelala mchana kutwa na kupigana usiku, huo si ugonjwa wake kusonga mbele kwa kawaida yake. Tafuteni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, upungufu wa maji, choo kilichofunga, maumivu asiyoweza kuyataja, au dawa mpya. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, kama Piriton, ambavyo kila nyumba huwa navyo, vinaweza kumvuruga mzee vibaya. Angalieni pia masikio kama yana nta na miwani kama bado inamfaa, maana mengi tunayoyaita kuchanganyikiwa ni kutosikia.

Kila anayekaa na mgonjwa wa namna hii atatuhumiwa wizi siku moja. Ugonjwa hula kumbukumbu ya mahali kitu kilipowekwa, lakini hauli thamani ya kitu chenyewe. Mama huficha khanga zake mpya kwenye debe la unga, kisha hulia kwamba ameibiwa, na anayetajwa ni yule aliye karibu zaidi, kwa kawaida dada wa kazi. Nyumba ngapi zimemfukuza binti wa watu kwa tuhuma kama hizo, bila mshahara wa mwezi? Usimtetee binti kwa kumwita Mama muongo, na usimfurahishe Mama kwa kumfokea binti. Sema, "Khanga zako nzuri zile? Twende tuzitafute," na mkazitafute kweli, pamoja, na zikionekana msiseme "unaona?"

Kwetu, anayezungumza na Mama vizuri kuliko sote ni huyohuyo dada wa kazi. Hajasoma makala yoyote. Mama akimwita kwa jina la dada yake aliyefariki utotoni, yeye huitika "abee" na kuja. Akifokewa, husogea, hurudi baada ya kitambo na sahani ya maembe kana kwamba siku imeanza upya, na kwa Mama kweli imeanza upya. Anajua kwamba Mama akikunja vidole vya miguu anataka choo. Anaamka usiku mara nyingi kuliko mtu yeyote katika familia hii. Kaka aliyeko Muscat alikuwa akituma fedha za dawa, pampasi na godoro la mgonjwa, na kwa muda mrefu hesabu yetu ya matunzo ilikuwa hiyo, ya vitu. Kikao cha mwisho cha familia kilihusu mtu. Mshahara wake umeongezwa, ameandikiwa mkataba, na Jumapili ni yake tangu asubuhi. Usiku wa Jumamosi tunapokezana sisi watoto kulala chumbani kwa Mama. Zamu ya kaka yangu wa hapa Tanga inaanza wiki hii. Hajui Kisambaa hata kidogo, na ameshakuja kulichukua daftari.